Safari ya Familia na Haki ya Kungoja

Leo nataka tuizungumze safari ya familia wakati bahari imechafuka. Mvuvi ana watu wake wa kumsemea, na mfanyabiashara anayevuka peke yake na mzigo wake anajua anachokifuata. Mimi naitaka ile safari ya mume na mke, watoto wanne na mmoja wao bado ananyonya, bibi asiyeweza kupanda ngazi bila kushikwa mkono, na tiketi zilizokatwa tangu wiki iliyopita. Watu hawa hutoka Madungu, hapa Chake Chake kisiwani Pemba, kabla ya alfajiri kwa gari ya kukodi, mvua ikawapiga njia nzima hadi Mkoani, na wakifika bandarini huisikia bahari kabla hawajaiona. Usiku wake redio imeshatoa angalizo la Mamlaka ya Hali ya Hewa: upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa, mawimbi yanayofikia mita mbili. Wamelisikia. Wanapanda. Hoja yangu ni kwamba hawapandi kwa ujinga wala kwa ushujaa. Wanapanda kwa kuwa kungoja kumefanywa ghali kuliko hatari yenyewe, na walioufanya ughali huo ni wapangaji wa tarehe: sisi wenyewe, waajiri wetu, skuli zetu na wauza tiketi.

Nianzie mbali kidogo. Ulaya na Marekani ziko familia zinazokwenda likizo na nyumba yao juu ya magurudumu, gari kubwa lenye vitanda, jiko la gesi, choo na tangi la maji. Kwetu mtu akiliona gari hilo kwenye picha huliita anasa, na kweli ni anasa. Lakini faida yake kubwa hujulikana siku ya tufani. Dereva huliegesha mahali pa salama, chai ikachemshwa, watoto wakalala, kesho safari ikaendelea. Hakuna tiketi iliyopotea, hakuna nyumba ya wageni ya kutafuta, hakuna jamaa wa kugongewa mlango usiku. Na haja ya kusimama wanayo, maana gari lenyewe lina ubavu mpana unaoupokea upepo mithili ya tanga. Kule Scotland, wakati daraja la barabara la Forth lilipokuwa likipitisha magari ya kila aina, upepo mkali ukilipiga halikufungwa kwa wote mara moja. Kwanza yalizuiwa malori na magari marefu ya aina hiyo, na gari ndogo zikaendelea kupita. Jambo hili naomba tuliweke kando, nitalihitaji baadaye: upepo ni mmoja na daraja ni moja, ila hatari haimkabili kila mpitaji kwa kiasi kimoja, na wenye daraja walilikubali hilo na kuliandikia kanuni.

Wazee wetu hawakuwa na gari la namna hiyo, lakini jahazi halikuwa mbali nalo. Ndani yake mlikuwa na sanduku la mchanga la kukokea moto, mapipa ya maji na majamvi ya kulalia. Watu walipika, wakala na wakalala humo humo. Nahodha asiporidhika na upepo alitia nanga nyuma ya kisiwa, Tumbatu au penginepo, akangoja leo, akangoja na kesho. Abiria walinung'unika, sina shaka, lakini walinung'unika wakiwa hai na sufuria iko motoni. Isidhaniwe kwamba nausifu wakati ule. Majahazi yalizama, tena mengi, na wengi wa waliozama hata majina yao hayakuandikwa popote. Meli na boti za kasi ni neema. Mgonjwa wa Chake leo anaweza kufika hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, siku hiyo hiyo. Ila pamoja na neema hiyo tulipokea kimya kimya kitu kingine, nacho ni ratiba. Chombo kikapata saa ya kuondoka, na abiria akapata tarehe iliyopigwa mhuri.

Tena wazee walikuwa na kalenda mbili. Moja ni ya mwezi, ya ibada: Ramadhani, Iddi mbili, Maulidi, Hija. Ya pili ni ya jua, inayoanzia Nairuzi na kuugawa mwaka kwa miongo ya siku kumi kumi. Kwa hiyo ya pili mkulima alijua lini apande, na baharia alijua lini aitegemee kaskazi, lini kusi, na lini ni maleleji baina ya pepo hizo mbili. Makunduchi bado wanakoga mwaka kila Julai, ingawa kwa wengi wetu imebaki kuwa shamrashamra tu. Mwenye kalenda mbili hulazimika kuzilinganisha: akiona sikukuu inaangukia mwongo mbaya, huondoka mapema au hukaa alipo. Sisi tumebaki na ya mwezi kwa ibada na ya Kizungu kwa kazi na skuli. Hiyo ya Kizungu nayo ni ya jua, ingeweza kutuambia habari za upepo lau tungeisoma hivyo, lakini sisi huisoma kwa mishahara na mitihani.

Hebu tupige hesabu. Mwaka wa mwezi ni mfupi kuliko wa jua kwa siku kama 11, kwa hiyo sikukuu zetu huzipitia pepo zote kwa muda wa miaka kama 33. Iddi ya kufungua ya 2021 ilikuwa katikati ya Mei. Ya 2022 ilikuwa mwanzoni mwa Mei, ya 2023 karibu na Aprili 22, ya 2024 karibu na Aprili 10, na ya 2025 mwisho wa Machi. Miaka mitano mfululizo, sikukuu inayowatoa watu Unguja na Dar es Salaam kuja kwao Pemba, kisha ikawarudisha, ilikuwa ndani ya masika au mlangoni mwake. Sasa inarudi nyuma kuelekea siku za kaskazi, lakini Iddi ya kuchinja ndiyo inayochukua nafasi. Kwa hesabu, na mwandamo wenyewe ndio utakaoamua, mwaka 2027 itakuwa katikati ya Mei, mwaka 2028 mwanzoni mwa Mei, na mwaka 2029 mwishoni mwa Aprili.

Miezi hiyo ina historia yake. Husemwa kwamba visiwa hivi viko karibu mno na ikweta hata vimbunga haviviwezi, na kwa kawaida ni kweli. Lakini vichache vilivyotukaribia vilikuja lini? Kile kilichoipiga Unguja mwaka 1872, zama za Sayyid Barghash, kikang'oa mikarafuu na kuvunja vyombo bandarini, kilikuja Aprili. Kilichoipiga Lindi mwaka 1952 kilikuja Aprili. Kenneth ya 2019, iliyoingia kaskazini ya Msumbiji, jirani kabisa na ndugu zetu wa Mtwara, ilikuja Aprili. Jobo ya 2021, iliyofifia ilipoikaribia pwani yetu, ilikuja Aprili. Na Hidaya ikafika Mafia tarehe 4 Mei 2024. Iddi ya kufungua ya 2022 iliangukia tarehe 2 na 3 Mei. Miaka miwili tu ndiyo iliyotutenganisha na kimbunga na msafara wa Iddi kukutana bandarini, na haikuwa kwa hekima yetu kwamba havikukutana.

Sasa tuyatazame yaliyokwisha kutupata, nayo nayataja kwa heshima, maana wenye misiba hiyo ni majirani zetu na wengine wananisikiliza. Meli ya Spice Islander I iliondoka Unguja usiku wa tarehe 9 Septemba 2011 ikija Pemba, ikazama kabla ya alfajiri ya tarehe 10 mbali kidogo na Nungwi. Ile haikuwa tufani. Ilikuwa ni kupakia kupita kiasi, na kosa hilo lisivishwe kanzu ya upepo. Ila tazama tarehe: Iddi ya kufungua imepita siku kumi hivi, likizo zimekwisha, kila mtu anarudi. Skagit ilizama tarehe 18 Julai 2012 karibu na Chumbe, ikitokea Dar es Salaam, upepo ukiwa mkali. Boti ile ilijengwa Marekani mwaka 1989 kwa ajili ya maji yaliyokingwa ya Puget Sound, upande wa Seattle, kisha ikaletwa kwenye bahari ya kusi. Tarehe: zimebaki siku mbili tatu Ramadhani ianze. Tarehe 5 Januari 2014, Kilimanjaro II ikitoka Pemba kwenda Unguja ilipigwa na wimbi kubwa upande wa Nungwi, na baadhi ya abiria wakachukuliwa na bahari. Boti yenyewe haikuzama. Tarehe: likizo ya mwisho wa mwaka inakwisha na skuli zinafunguliwa.

Mtu makini atanikatiza hapa. Atasema: siku za sikukuu ndizo zenye abiria wengi, kwa hiyo ajali ikitokea siku hizo si ajabu, na mifano mitatu haithibitishi kitu. Nusu yake nakubali. Mifano mitatu si sheria. Lakini maneno yake yenyewe yananisaidia. Kama tarehe ndiyo inayowajaza watu katika chombo, basi tarehe ndiyo inayomnyima kila mmoja wao nafasi ya kusema, mimi leo sipandi, nitapanda kesho kutwa. Kesho kutwa nayo imejaa. Boti ikiwa na viti vitupu, kungoja ni uamuzi wa kawaida. Ikiwa imejaa hadi wiki ijayo, kungoja maana yake ni kukosa kazi, kukosa mtihani, kukosa harusi, na nauli ya watu saba kutupwa.

Na anayeidhani safari hii ndogo, aufikirie mkondo wa Nungwi. Unguja imekaa juu ya kina kifupi kilichoungana na bara. Pemba imesimama peke yake, imezungukwa na kina kirefu. Baina ya visiwa hivi viwili hupita maji ya mkondo mkuu wa pwani, yanayokwenda kaskazini mwaka mzima. Wakati wa kaskazi upepo huyaendea maji hayo uso kwa uso, na mawimbi yakawa mafupi, yenye kusimama wima. Wakati wa kusi upepo na maji huandamana, lakini mawimbi hutoka mbali na huja yamenenepa. Ndiyo maana boti ikishakuipa mgongo Nungwi, baharia hupita baina ya viti akigawa mifuko ya kutapikia bila kuulizwa. Kina mama hutandika kanga chini wakawalaza watoto kwenye njia ya kupitia, kwa sababu mtoto aliyelala hulewa kidogo kuliko aliyekaa. Kijana wa miaka ishirini atashuka Mkoani akicheka. Bibi aliyetapika saa mbili mfululizo akiwa na sukari na shinikizo la damu atashuka kwa machela. Chombo kimefika salama, ripoti itasema hakuna tukio, na familia imetumia siku tatu kumuuguza.

Hapa ndipo ninapolihitaji lile daraja la Forth. Kwetu bandari ina majibu mawili tu: chombo kinaondoka au hakiondoki. Hidaya ilipokuja boti zilisimamishwa, na nchi haikuanguka. Watu walikaa, bidhaa zilichelewa, na Jumatatu ikafika kama Jumatatu nyingine. Kwa hatari kubwa tumeshajifunza, na Mamlaka ya Usafiri Baharini inayo nguvu ya kuzuia. Tatizo liko kwenye zile siku za katikati, siku za angalizo, ambazo meli yenye injini nzuri inaweza kwenda bila kuvunja kanuni lakini mtoto wa miezi mitatu hana kazi ya kuwemo ndani yake. Siku hizo hakuna atakayemzuia baba, na hakuna atakayemrudishia pesa zake. Ninachokitaka ni kidogo: pale ambapo Mamlaka ya Hali ya Hewa imetoa angalizo la bahari kwa siku ya safari, abiria mwenye mtoto mdogo, mja mzito, mzee au mgonjwa awe na haki ya kuiahirisha tiketi yake, yeye na anaofuatana nao, bila kukatwa kitu, hata kama chombo kinaondoka. Iandikwe nyuma ya tiketi kwa Kiswahili cha kusomeka, iwe sharti la leseni, isiwe ihsani ya karani wa dirishani.

Wenye vyombo watalalamika, na malalamiko yao si ya kupuuzwa. Kiti kitupu hakiuziki chombo kikishaondoka, mafuta yanaliwa yale yale, na kila mjanja atajifanya ana bibi mgonjwa. Juu ya ujanja sina wasiwasi sana. Tiketi ya mtoto ina bei yake, kwa hiyo kampuni inamjua mtoto kabla hajafika bandarini, na bibi haazimwi. Juu ya kiti kitupu, tukumbuke kwamba msimu wa sikukuu ndio wenye watu wanaolala nje ya geti wakiomba nafasi. Kiti alichokiacha mama mwenye mtoto mchanga atakikalia kijana aliyeikosa tiketi tangu juzi. Hasara itabaki kwenye siku za angalizo nje ya msimu, ambazo hazijai mwaka, na inaweza kugawanywa kwa nyongeza ndogo ya nauli. Nauli ikipanda kidogo tutanung'unika. Tunung'unike basi, tumezoea.

Wapo watakaosema tunazo meli kubwa sasa. Kweli, Mapinduzi II ililetwa mwaka 2015 ikiwa na nafasi ya abiria 1,200, na meli kubwa haichezewi na wimbi kama boti ndogo. Lakini ukubwa wa meli huilinda meli isizame. Hauufuti ugonjwa wa bahari, wala ile ngazi ya kushukia iliyolowa mvua, wala safari ya gari kabla na baada yake. Njia zetu za Pemba ni za vilima na mabonde ya mpunga. Masika yakikaza, maji hukatiza barabara mabondeni, matope mekundu huteremka kutoka kwenye kingo, na gari ya abiria wanane iliyobeba kumi na wawili hupanda kilima taa zake hazioni mbele. Anayeihesabu safari kwa saa za baharini peke yake ameihesabu nusu.

Pingamizi zito zaidi ni la imani, na husemwa hata na watu ambao hawasali sana: ajali haina kinga, na mtu hafi ila kwa siku yake. Siibishii qadari, nani mimi? Lakini dini hii hii tunayoitolea hoja ndiyo iliyompa ruhusa muumini asiende jamaa usiku wa mvua na baridi. Imepokewa kwamba muadhini aliamrishwa awatangazie watu wasali majumbani mwao. Fukaha wakajenga juu ya hilo na mengine mfano wake milango mizima ya udhuru, mvua na matope vimo. Kama mvua ni udhuru wa kuacha msikiti ulio hatua mia kutoka mlangoni, vipi isiwe udhuru wa kuacha harusi iliyo ng'ambo ya bahari? Harusi hapa naitaja makusudi. Mara nyingi anayeilazimisha familia ipande siyo mwajiri wala mwalimu. Ni shangazi aliyepanga siku na kusema, asiyekuja nitajua ananiona vipi. Sheria ya tiketi haitamfikia shangazi huyo. Itabidi tumfikie wenyewe, tena mapema, kabla kadi hazijachapishwa katika mwezi wa Mei.

Maziko ni jambo jingine. Maiti hangojwi, na mtoto aliye Unguja akisikia baba amefariki Chake hatakaa asome angalizo. Hapo sina la kumwambia ila kwamba aende yeye mzima, na wadogo waje upepo ukitulia, kwa hitima au baada yake. Kanuni yoyote itakuwa na siku inayoishinda, na hii ndiyo siku yake.

Kuna lililobaki la maskini. Haki ya kungoja haina maana kwa mtu wa Micheweni aliyekwishafika Mkoani na hana pa kulala. Kwa hiyo habari imfikie akiwa bado kwake. Mamlaka hutoa utabiri wa siku tano mbele, na kampuni zina nambari ya simu ya kila aliyekata tiketi. Ujumbe mmoja jioni, kwamba kesho kuna angalizo na wewe una ruhusa ya kubadilisha siku, ungemkuta mtu huyu bado hajafunga mizigo. Bandari ya Mkoani nayo ikipata ukumbi wenye paa lisilovuja, maji na pahala pa kumlaza mtoto, itakuwa imewasaidia hata wanaosafiri siku za shwari.

Mwisho ni skuli na maofisini. Mwanafunzi aliyekwama Pemba kwa sababu wazazi wake waliliheshimu angalizo la Serikali asiandikwe mtoro na Serikali hiyo hiyo, na mfanyakazi naye asikatwe siku zake. Mwalimu mkuu halazimiki kuamini maneno ya mzazi. Tarehe za angalizo zimetangazwa, atazilinganisha na daftari lake la mahudhurio. Kwa skuli, hilo linahitaji waraka mmoja tu kutoka wizarani, na Iddi ya kuchinja ya 2027 bado haijatufikia.